Hatua Kumi

Hatukula kiapo. Hakukuwa na fulana za bure
wala mgeni rasmi wa kukata utepe.
Aikande alisema tu, akifuta panga kwa pindo la khanga:
"Mto wote hatuuwezi. Kila mtu hatua zake kumi."
Akaanzia kwenye mringaringa ulioinama,
akahesabu kwa sauti kama anayepima kitambaa dukani,
moja, mbili, mpaka jiwe la kufulia.
Hizo zikawa zake.

Zangu zilianzia kwenye jiwe
hadi bomba lililopasuka, nyuma ya mashine ya kusaga.
Elinami fundi viatu, miguu kama ngazi,
kumi zake zilikuwa kumi na tano za mtu mwingine.
Tulimcheka.
"Basi mngenipima kwa soli," akasema,
akashuka majini na ndoo ya rangi isiyo na mkono.

Kila Jumamosi, kabla sijafungua robota pale Memorial,
kabla mlima haujajitanda shuka lake la wingu,
tulikuwa ndani ya Njoro, maji ya ndama wa miguu,
maji yanayouma kwa baridi hata Januari.
Viroba. Chupa. Pempasi zilizovimba.
Kandambili moja moja
(ile ya pili huwa inakwenda wapi?)
Wapita njia walisimama darajani:
"Mnalipwa shilingi ngapi?"
"Mradi wa nani huu?"
Aikande akawajibu bila kuinua kichwa:
"Wa kaa."

Siku moja nilivuta kitu kizito mizizini,
kikatoka kinachuruzika matope:
sweta la kijani, kifungo cha mbao.
Nililijua. Niliuza mwenyewe, elfu tatu, msimu wa Krismasi.
Nikaketi juu ya jiwe nimelipakata,
na tope likanilowesha mpaka gauni la ndani.
Sikumwambia mtu. Nililipeleka nyumbani,
nikalifua mara nne,
sasa ndilo tunalofutia miguu mlangoni.

Kisha mvua za Aprili.
Usiku mmoja tu, mto ukatushushia taka za huko juu kote,
ukatutupia, kama mwenye nyumba
anayetoa nje vyombo vya mpangaji.
Miezi saba ya mgongo kuuma!
Mimi nilitukana, sitaficha. Nilimtukana mpaka ambaye simjui.
Elinami alisimama kimya, anakohoa,
halafu akaanza tena kwenye moja.

Baridi ya Julai ilimshika kifua.
Tulimzika Kibosho, migombani kwa baba yake,
wakapanda isale kichwani.
Na kumi zake ndefu zikabaki pale,
zikaota magugu, zikakusanya viroba,
sisi tukizipita kama kiti cha marehemu
ambacho hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukikalia.

Septemba akaja Mkunde, mjukuu, miaka tisa,
ndani ya mabuti ya babu yaliyojazwa magazeti.
Hakusalimia hata.
Akahesabu kumi, akajikuta hajafika katikati.
Akarudi, akahesabu kwa kuruka. Bado.
Mara ya tatu alikwenda taratibu mpaka mwisho wa eneo,
ishirini na mbili,
akatugeukia: "Babu alikuwa anadanganya?"
Aikande akacheka hadi akashika mti.

Jumamosi iliyopita niliinua jiwe dogo karibu na bomba.
Alikuwepo kaa, wa ukubwa wa kifungo,
kanikunjulia gando kama mdai.
Nikalirudisha jiwe polepole.

Nilifika sokoni nimechelewa, vidole vimekufa ganzi.
Mteja wa kwanza alitaka sweta.
Nikamuuliza kwanza
anakaa upande gani wa mto.